Tufundishe wapimaji kabla ya kununua mashine

Machi 5, 2021, barua moja iliyotoka Nairobi ilisimamisha malori ya mahindi Namanga. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliwaarifu maofisa wa forodha kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda yamekutwa na sumukuvu kupita kiwango, kwa hiyo yasiingie nchini. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha nchi ulikotoka, na uwe na cheti kingine kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei ya mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, mahindi yaliyokwama mpakani yalikuwa bado yamo kwenye mazungumzo ya wakuu wa nchi. Mwaka 2023 ikawa zamu ya wafanyabiashara wa Uganda, malori yao yakizuiwa Sudan Kusini kwa sababu hiyohiyo.

Sisi waandishi wa habari za kanda tuliyaandika hayo kama vita vya biashara. Tulihesabu malori, tukawahoji madereva waliolala chini ya matela yao, tukawanukuu mawaziri. Nimezipitia upya habari zangu za wakati ule. Hakuna hata moja niliyouliza nani alipima, alichota sampuli wapi, na alipima kwa njia gani. Mkulima wa Kiteto na mwenzake wa Masindi walihitaji majibu ya maswali hayo kuliko nukuu za mawaziri, maana cheti kilichodaiwa hakitolewi na waziri. Kinatolewa na mtu aliyevaa koti jeupe, na watu hao ni wachache mno katika Jumuiya yetu.

Wala sumukuvu si kisingizio cha kufungia mipaka. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wakiwa wamekula mahindi waliyovuna wenyewe. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka ikiwa shambani au ghalani. Haina harufu wala ladha, na haiondoki kwa kuchemsha ugali vizuri. Anayeweza kusema ipo au haipo ni mkemia peke yake.

Basi tukitazame hicho kiwango kilichosimamisha malori. Sehemu 10 kwa bilioni maana yake ni mikrogramu 10 katika kila kilo. Ukichukua lori lenye tani 30 za mahindi, sumu yote inayoruhusiwa humo ndani ina uzito wa gramu 0.3, ambao ni uzito wa punje moja ya mahindi. Punje moja katika lori zima ndiyo inayoamua kama mzigo utavuka au utarudi.

Kuna jambo la pili ambalo wachumi wetu wa mipakani hawalijui. Ukungu haujisambazi sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi kabisa na la pembeni yake likawa na punje chache zilizooza ambazo zimebeba karibu sumu yote ya mzigo. Ofisa anapochoma bambo kwenye magunia matatu ya juu, yale yanayofikika bila kupanda, akatoa konzi mbili za mahindi na kuzituma maabara, anacheza bahati nasibu. Maabara ya Arusha ikipata konzi kutoka gunia safi itatoa cheti safi. Maabara ya Nairobi ikipata konzi kutoka gunia la pembeni itasema mzigo una sumu. Wakemia wote wawili ni waaminifu, mashine zao zote mbili ni nzima, na bado nchi mbili zinagombana. Waliotafiti upimaji wa sumukuvu wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya makosa hutokea kwenye kuchota sampuli, kabla mashine haijawashwa.

Hoja ya gazeti hili leo ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imejenga soko moja bila kujenga watu wa kulipimia. Tunanunua mashine, mara nyingi kwa mkopo au msaada, tunakata utepe, tunapiga picha. Elimu ya kupima, yaani kemia ya uchanganuzi, tumeiacha ijitafutie njia yenyewe.

Kila aliyesoma kemia ya sekondari katika nchi zetu anaikumbuka siku ya mtihani wa vitendo: bureti, pipeti, chupa ya asidi, matone ya kiashiria, na kusubiri rangi igeuke. Anakumbuka pia minong'ono iliyotangulia siku hiyo, kwamba jibu litakuwa karibu na sentimita za ujazo 25, au vyovyote mwalimu alivyodokeza. Aliyepata 22 hakujiuliza kwa nini. Alipika. Neno hilo, kupika data, halihitaji tafsiri kwa mwanafunzi yeyote wa Tanzania. Mimi nilipika, na rafiki zangu walipika, na wengine kati yao leo ni wahandisi na wafamasia.

Silitaji jambo hili ili kuwacheka walimu, ambao wengi walifundisha vitendo bila maji ya bomba. Nalitaja kwa sababu ndilo shina la tatizo. Mtihani ule hufundisha kwamba jibu linajulikana na kazi ya mwanafunzi ni kulifikia. Maji ya mto yaliyobadilika rangi usiku hayana mwalimu anayejua jibu. Mpimaji wa vichafuzi vya mazingira analazimika kujifunza tabia iliyo kinyume na ile ya shuleni: kutilia shaka namba yake mwenyewe, kurudia kipimo mara tatu, kupitisha sampuli tupu kwenye mashine kabla ya sampuli yenyewe, kuandika namba mbaya kama ilivyotokea.

Hiyo sampuli tupu ina kisa chake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Clair Patterson alipewa kazi ya kupima madini ya risasi kwenye mawe ili kukokotoa umri wa dunia. Namba zake zilikuwa zinaruka ovyo. Baada ya kuhangaika sana aligundua kwamba risasi aliyokuwa anaiona ilitoka hewani, kwenye vumbi la chumba, kwenye maji, kwenye vyombo, na kwenye mikono na nywele zake mwenyewe. Alisafisha, akachuja hewa, akaosha vyombo kwa asidi, na mwaka 1956 akachapisha umri wa dunia unaokubalika hadi leo, miaka bilioni 4.55. Lakini swali la risasi hewani halikumwacha. Alilifuatilia hadi kwenye petroli, akapambana na kampuni kubwa na wataalamu wao kwa miaka mingi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zote za Afrika Kusini mwa Sahara ifikapo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria mwaka 2021. Watoto wa Kariakoo na wa Eastleigh wanavuta hewa yenye risasi pungufu leo kwa sababu mtu mmoja hakuridhika na kipimo chake cha chumba kitupu.

Nirudi kwetu, kwenye Mto Mara.

Machi 2022 maji ya mto huo upande wa Tanzania, karibu na unakoingia Ziwa Victoria, yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Mto huu unaanzia Kenya kwenye milima ya Mau, unapita mbuga ambazo nyumbu huzifanya maarufu duniani, unaingia Serengeti, kisha unatua ziwani kupitia maeneo ya wakulima, wafugaji na migodi. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele. Kamati ikaeleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza vilimaliza oksijeni majini, na ndiyo sababu samaki walikufa. Wananchi wengi hawakuamini. Mitandaoni ripoti ile ikawa kichekesho kwa majuma kadhaa: ng'ombe wamekuwepo Mara tangu enzi za mababu, iweje waanze kuua samaki mwaka ule?

Sina sababu ya kusema kamati ilikosea. Kinyume chake, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wanasayansi waliopima oksijeni ya mto huohuo kwa miaka kadhaa upande wa juu, Kenya. Walionyesha kwamba kinyesi cha maelfu ya viboko kikikusanyika kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, kisha mvua ikakisomba, oksijeni hushuka ghafla na samaki hufa kwa wingi. Kinyesi kinaua samaki. Hilo limepimwa. Tofauti ni kwamba wale wa viboko walikuwa na vipimo vya kabla ya tukio, vya wakati wa tukio na vya baada yake, mvua hadi mvua. Mwananchi wa Butiama na Rorya aliletewa jibu baada ya msiba, bila kuwahi kuona kipimo cha siku za kawaida cha kulinganisha nalo. Mtu huyo ukimwambia aamini, unamwomba imani, na imani kwa serikali zetu huwa inategemea mambo mengine kabisa.

Kinachoniuma kuhusu kisa cha Mara ni kwamba kupima oksijeni ya maji si kazi ya mashine ya mamilioni. Njia yake ilibuniwa na Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888. Unajaza chupa maji ya mto pasibaki hewa, unaongeza chumvi ya manganizi na mchanganyiko wa iodaidi na magadi makali. Maji yakiwa na oksijeni, mashapo ya rangi ya kahawia hutuama. Yasipokuwa nayo, mashapo hubaki meupe. Kisha asidi, kisha bureti ileile ya kidato cha nne, wanga kidogo, na unahesabu matone hadi rangi ya bluu ipotee. Mwanafunzi wa Musoma anaweza kuifanya. Mwenzake wa Narok anaweza kuifanya siku hiyohiyo, juu ya mto huohuo. Shule 10 kila upande wa mpaka, chupa mbili kwa juma, daftari moja linalosomeka na wote, na baada ya misimu mitatu ya mvua kamati yoyote ingekuwa na kitu cha kusimamia. Wanafunzi hao wangekuwa wamejifunza kemia ambayo jibu lake halimo kwenye karatasi ya mwalimu.

Zebaki ni habari nyingine, na hapo bureti haitoshi. Wachimbaji wadogo kuzunguka Ziwa Victoria, Geita, Migori na kwingineko, hukamatishia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma wazi ili dhahabu ibaki. Mvuke wake huvutwa na mchomaji na walio jirani, mengine huenda na marudio hadi mtoni. Majini, bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa metili-zebaki, inayopanda kutoka kiumbe kidogo hadi samaki mkubwa hadi sahani ya mtu. Wajapani wa mji wa Minamata waliijua kwa uchungu kuanzia mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika Agosti 2017 umepewa jina la mji huo.

Miaka ya 1990 daktari Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa Minamata, alikuja na wenzake kwenye ziwa letu. Walichukua nywele za wachimbaji, za wavuvi na za wakazi wa Mwanza. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi na hutunza kumbukumbu ya zebaki iliyopita mwilini. Wengi wangetabiri kwamba viwango vya juu kabisa vingekuwa vya wachimbaji, au vya wavuvi wanaokula samaki kila siku. Walikuta baadhi ya watu wa mjini, wasiochimba wala kuvua, wana viwango vya kutisha. Chanzo kilikuwa sabuni ya kuogea yenye zebaki, ile inayotumiwa kung'arisha ngozi. Mkorogo.

Funzo la kisa hicho kwa mwanafunzi wa kemia lina thamani kuliko mihadhara mingi. Kama wangepima jumla ya zebaki tu na kuishia hapo, pengine tungelaani samaki wa Ziwa Victoria na kuua riziki ya mamilioni ya watu katika nchi tatu. Ilibidi wajue ni zebaki ya aina gani, na wawaulize watu wanaoga na nini. Mpimaji mzuri hupima na huuliza. Sabuni zile zilikuwa zikivuka mipaka yetu bila barua ya kuzisimamisha.

Kipimo pia ni silaha ya mnyonge, na mfano upo Mombasa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa kinatoa moshi na maji yenye risasi katikati ya nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi hapo. Mtoto wake mchanga aliugua, matibabu ya kawaida hayakusaidia, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Vipimo vya watoto wengine vikafuata. Malalamiko ya mama mmoja yakawa namba, namba zikawa ushahidi, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya. Kesi ilipanda kwenye rufaa, tuzo ikatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Omido alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa ujasiri wake, na aliistahili. Lakini jaribu kuiwaza kesi ile bila maabara. Wakili wa upande wa pili angeuliza swali moja tu: una uthibitisho gani?

Wapo wasiokuwa na Omido wao. Vikuge, Kibaha, si mbali na Dar es Salaam, shehena ya viuatilifu iliyotolewa msaada miaka ya 1980, sehemu yake ikiwa imekwisha muda, iliwekwa kwenye banda ambalo baadaye lilianguka. Mvua ikanyeshea. Usafi ulikuja kufanyika na shehena ikaondolewa. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walirudi, wakachimba udongo, wakapima, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba uchafuzi bado ulikuwa mkubwa licha ya usafi huo. Faili la msaada lilikuwa limefungwa, na bila udongo ule kupimwa tungeamini faili.

Utasema, basi wataalamu tunao. Ndiyo, tunao, na wengine ni hodari kuliko tunavyostahili kwa bajeti tunayowapa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Tanzania ina asili yake mwaka 1895, na Kenya na Uganda zina taasisi za namna hiyo. Shida ni kile kinachotokea kati ya shahada na benchi la maabara.

Miaka michache iliyopita nilipitishwa kwenye maabara ya chuo kimoja katika kanda hii, ambacho sitakitaja. Kwenye kona kulikuwa na mashine ya kromatografia, imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua. Ilikuwa na umri wa miaka minne. Ilifanya kazi miezi kadhaa, mtungi wa heliamu ukaisha, wa kujaza ukachelewa kwa mambo ya manunuzi, na gesi ilipofika kipuri kimoja kilikuwa kimekufa na fundi wa kampuni yuko bara jingine. Fundi sanifu wa maabara alinieleza hayo bila hasira, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Wanafunzi wa shahada ya pili hapo husoma kromatografia kwenye ubao, kisha hutuma sampuli zao nje ya nchi na kusubiri barua pepe yenye namba. Wanahitimu wakiwa hawajawahi kuona mashine ikiwakosea, na mtu asiyewahi kukosewa na mashine hajui lini asiiamini.

Bei ya mashine ya namna hiyo si bei iliyo kwenye ankara. Ni ankara, na gesi ya miaka 10, na vipuri, na vitendanishi, na umeme usiokatika, na mshahara wa mtu atakayekaa nayo hadi aijue kama fundi wa dalala anavyoijua injini yake kwa mlio. Hazina zetu zinalipia mstari wa kwanza.

Mfano wa kufanya vinginevyo tunao hapahapa. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja, kwa miaka mingi kimeendesha mafunzo mafupi ya mashine hizo kwa wanakemia wa Afrika, kwa kushirikiana na Royal Society of Chemistry ya Uingereza na wataalamu wa kujitolea. Hapo mshiriki huifungua mashine, huisafisha, huifunga tena, na hupima sampuli halisi. Sifa kwa waliolianzisha. Ila tuone haya kidogo: Jumuiya ya nchi nane, yenye Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala, haipaswi kutegemea ukarimu wa London ili mkemia wa Bujumbura akutane na mwenzake wa Juja. Baraza hilo lina uwezo wa kuandaa kozi ya pamoja ya miezi sita, ambapo mhitimu wa Rwanda anakaa Juja, wa Kenya anakaa kwenye maabara ya viuatilifu Arusha, wa Kongo anakaa Wandegeya, na kila mmoja anarudi nyumbani akiwa na namba za simu za wenzake. Hiyo ya namba za simu si mzaha. Mgogoro wa mahindi wa 2021 ungeweza kuanza kutatuliwa kwa simu ya mkemia kwa mkemia: wewe ulichota magunia mangapi? Ulisaga yote kabla ya kupima? Hebu nitumie nusu ya unga wako.

Sheria hatuna haja ya kuitunga. Tangu mwaka 2006 Jumuiya ina sheria yake ya viwango, udhibiti wa ubora, ugezi na upimaji, ambayo nia yake ni kwamba bidhaa iliyopimwa na kuthibitishwa upande mmoja isipimwe upya upande wa pili. Lakini sheria haiwezi kumlazimisha ofisa wa Namanga kuamini cheti ambacho hajui kilipatikanaje. Ithibati ya kimataifa ya maabara husaidia, na baadhi ya maabara zetu zinayo. Hata hivyo ithibati hupima taratibu za maabara, na mara nyingi imeshughulika zaidi na kinachotokea ndani ya jengo kuliko kilichotokea juu ya lori.

Wapo watakaosema haya ni anasa, hospitali hazina dawa. Nawaheshimu, na nawakumbusha kwamba baadhi ya waliokufa 2004 na 2016 walifia hospitalini. Wapo pia wanaoogopa kwamba kufundisha na kupima kwa pamoja kutaondoa kauli ya mwisho ya nchi juu ya kinachoingia mipakani mwake. Hofu hiyo ina uzito kuliko ya kwanza, kwa sababu kipimo kinachoweza kukaguliwa na jirani kinamnyima waziri nafasi ya kukitumia anavyotaka. Kwa maoni yetu ni nafasi anayostahili kunyimwa, awe wa nchi yoyote.

Na sisi wa vyombo vya habari tuna deni. Tunaandika "maabara imethibitisha hakuna sumu" pale ambapo karatasi ya maabara inasema sumu haikuonekana. Mashine ina ukomo wa kuona, kama jicho. Mashine inayoona kuanzia sehemu 20 kwa bilioni haiwezi kukuambia lolote kuhusu kiwango cha 10. Kuanzia toleo hili dawati langu litauliza ukomo huo kila tunapopewa majibu, na ofisa asipoujua tutaandika kwamba hakuujua.

Kwa mawaziri wa fedha, ambao baadhi yao kwa kawaida husoma bajeti zao siku moja mwezi Juni, ombi letu ni dogo. Kila penye fungu la kununua mashine ya maabara, pawe na fungu la pili la watu na gesi, lisilopungua lile la kwanza. Kwa Sekretarieti ya Arusha tunalo la haraka zaidi. Nunueni gunia moja la mahindi yenye sumukuvu, lisagwe lote, lichanganywe hadi lilingane, ligawanywe kwenye pakiti nane, na kila nchi mwanachama ipelekewe pakiti yake ipime bila kujua majibu ya wengine. Mazoezi ya namna hii yamewahi kufanyika katika kanda yetu, mengi kwa fedha za wafadhili, na matokeo yake yakaishia kwenye makabati. Safari hii yatoke. Maabara zitajwe kwa namba za siri kama zinaona haya. Gazeti hili litachapisha namba zote nane, zikilingana au zisilingane, kwenye ukurasa huuhuu.